Mwaka Tuliochagua Lenzi

Watu wa Kivinje wamenipa pole ya kaka mpaka nimechoka kuitikia. "Pole, Bi Zena, kwa kufiwa na kaka." "Tumeshapoa." Anakuja mwingine, anavua viatu mlangoni, anaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili: "Umebaki peke yako, dada wa watu." Naitikia tena. Ni watu wema, wamekuja na mchele na kuni na machozi yao wenyewe, sina ugomvi nao. Lakini mimi ni mtu wa kusema, tangu utotoni nimegombezwa kwa ajili ya ulimi, na kukaa mkekani nikiitikia neno hilohilo kumenichosha kuliko kilio chenyewe. Athumani hakuzaliwa kaka yangu. Alifanywa kaka yangu mwaka mmoja, mimi nikiwa msichana mzima aliyekwisha kuposwa, na aliyeniposa ni yeye. Wanaoukumbuka mwaka huo wengi wako makaburini, na waliobaki wana adabu, hawausemi.

Siku ya kuanua matanga, wanaume wakikunja majamvi barazani, Rehema aliniita chumbani kwa marehemu baba yake. Rehema ni binti yake Athumani, anapiga picha Dar es Salaam, na ananiambia vijana wa huko siku hizi wamerudi kwenye picha za filamu, wanazisaka kamera za zamani kwa udi na uvumba. Alifungua sanduku la bati, akazipanga kitandani lenzi tatu za kamera ya baba yake: ya kawaida, pana na ndefu. Ile ndefu ilikuwa imeota ukungu ndani ya kioo, nyuzi nyembamba nyeupe. "Shangazi," akasema, "kamera naibeba, lenzi sitaki kuzichukua zote, nyingine ibaki hapa kwa mama. Wewe ndiye uliyezichagua pamoja na baba. Nibebe zipi?" Mimi, mwenye jibu kwa kila kitu, nilimwambia ngoja ninywe maji. Nikatoka uani, nikashika kata, nikasimama nayo mtungini bila kuteka kitu.

Studio ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake Athumani, nyumba ya mawe yenye kuta nene na vyumba vyembamba, kama zilivyo nyumba nyingi za zamani pale mjini. Ukiingia unakuta benchi, pazia la buluu, na kioo cha wateja kujitazama. Nyuma kabisa, mwisho wa ukumbi, palikuwa na stoo ya korosho. Athumani aliziba madirisha yake kwa magunia na udongo, akaifanya chumba cha giza, cha kusafishia picha. Harufu ya korosho haikutoka humo hata siku moja, ilichanganyika na ya dawa, na mpaka leo nikipita mahali wanabangua korosho moyo unaniruka. Nilikuwa nimemaliza shule Lindi, nimerudi nyumbani, nasubiri kuambiwa nifanye nini na maisha, na ndipo Athumani alipokuja barazani kwetu kumwomba mama aniruhusu nimsaidie kazi. Shida yake ilikuwa kwamba harusi ni nyingi na yeye ni mwanamume. Bibi harusi wa Kivinje anapigwa picha ndani, amepambwa, kichwa wazi, kati ya wanawake wenzake, na mwanamume na kamera yake anaishia barazani. Kwa hiyo ukitazama picha zote za harusi za mji ule utadhani mabwana harusi walijioa wenyewe. Athumani alitaka mwanamke wa kuingia ndani. Mama akamtazama juu mpaka chini. "Na huko kwenye giza lenu, nani atakuwa na nani?" Athumani akajibu hapohapo, bila kumeza mate: "Zena atakuwa ndani, mimi nitakuwa nje."

Na kweli, kazi yote nilifundishwa kupitia mlangoni. Mimi ndani na taa nyekundu, yeye nje amekaa sakafuni, mgongo kwenye ubao wa mlango, ananiambia tia, tikisa, toa, suuza. Hatua chache kutoka kwake, kwenye kigoda, mama yake anapepeta mchele. Sijawahi kuona nyumba inayopepeta mchele namna ile, utadhani walikuwa wanalisha jeshi. Kamera yenyewe ilikuwa ya filamu pana, nzito kama tofali, unaivaa kifuani na kuinama kutazama kioo chake cha juu. Lenzi zake hukaa mbilimbili kwenye bati moja, ya juu ya kutazamia na ya chini ya kupigia, na bati zima linachomoka ukitaka kuweka jingine. Hilo la kuchomoka tulilijua kwa maneno tu. Athumani alikuwa na seti moja, ile ya kawaida, na ile ya kawaida ndiyo iliyonitia aibu kwenye harusi yangu ya kwanza.

Chumba kilikuwa chembamba, kitanda kimekula nusu yake, wanawake wamejaa mpaka dirishani. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani, na bado bibi harusi haenei kwenye kioo. Nikampiga hivyohivyo, kichwani hadi magotini, nikajiona fundi. Picha zilipotoka, bibi yake alizishika, akazitazama, akazigeuza nyuma, kana kwamba kilichobaki kipo upande wa pili. "Miguu ya mjukuu wangu iko wapi?" Nikamwambia chumba kilikuwa kidogo, bibi. "Chumba kidogo ndiyo umkate miguu? Hina nimempaka mwenyewe, na macho yangu haya mabovu, maua mpaka kwenye vifundo, halafu wewe unaniletea kichwa? Kichwa chake nakijua!" Nilirudi studio nusu nalia, nikajifungia chumba cha giza. Athumani akaja akakaa kwenye mlango wake, nikamsikia anacheka mpaka anakohoa. "Unacheka nini?" "Bibi kasema kweli. Sisi wapigapicha tunadhani mtu ni uso." Nikamwambia basi anitafutie lenzi inayoona miguu, au aende yeye akavae buibui.

Ndipo aliponitajia Mzee Kassimu wa Lindi, mpigapicha mkongwe ambaye macho yalikuwa yanamwacha na alikuwa anafunga studio. Lenzi zake zilifaa kwenye kamera yetu, na alikuwa tayari kutuachia seti moja. Moja tu, si zaidi ya hapo. Kwa hiyo tukaanza kubishana, na ubishi huo ulitufaa sana, maana mama yake asingeweza kukataza mazungumzo ya kazi. Athumani alisema lenzi pana itanipa chumba kizima, kitanda, wanawake, hina na kila kitu. Nikasema tuchukue pana. Akasema ila walio pembeni mwa picha watavutika wanenepe, nitagombana na mji mzima. Nikasema tuchukue ndefu. Akasema ndefu haina kazi chumbani, lakini inakupa uso wa mtu alivyo, unasimama mbali, yeye mwenyewe amesahau kama unamtazama.

"Na wewe unataka kumtazama nani kwa mbali?" nikamwuliza.

Nikasikia ungo umeacha kupepeta.

"Huyu niliyekatazwa kumtazama kwa karibu," akasema.

"Athumani!" mama yake akaita. "Hizo picha zimeiva au bado?"

Aliyeleta posa ni Bi Somoe. Huyu alikuwa shangazi yake Athumani, dada wa baba yake, mjane, mpishi wa vitumbua, na nyumba yake ilipakana na yetu. Nilikulia jikoni kwake kuliko kwetu. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye kicheko cha kusikika mpaka sokoni, na alipoingia kwetu siku ya posa alikuwa anacheka tangu barabarani. "Nimekuja kuchukua changu," akamwambia mama, "nimekipenda tangu kichanga." Mama akakubali, wazee wakakubali, nikah ikapangwa baada ya mfungo. Mpango wetu ulikuwa mdogo na tulikuwa na hakika nao: studio ya mke na mume, mke aingie kwa wanawake, mume abaki barazani na wanaume, na kazi ikiisha wote wawili tuingie chumba cha giza, tufunge mlango, mchele ukapepetwe kwingine. Sikuwa nataka kitu kingine chochote duniani. Nasema hivi nikiwa mtu mzima, nimeona miji na nimeona mambo, na bado sijapata kutaka kitu kama nilivyoutaka mlango ule ufungwe.

Kwenda Lindi kuchagua lenzi ilibidi tusindikizwe, na nani wa kutusindikiza kama si Bi Somoe. Mzee Kassimu alitupokea vizuri, akatandika kanga kwenye mkeka, akaziweka lenzi juu yake moja moja, anazipapasa kwanza kwa vidole kabla ya kutuambia ni ipi. Mkewe na Bi Somoe wakaingia jikoni, lile la uani la makuti. Palikuwa na pweza anachemka, wali wa nazi, na sinia la ming'oko, vile viazi vya porini, nakumbuka mpaka chumvi yake. Mzee akasema msichague kwa maneno, jaribuni. Tukaijaribu pana kwanza, uani wote ukaingia kwenye kioo, kuku, kisima, mzee mwenyewe na kofia yake. Nikasema hii. Athumani akasema ngoja. Akafunga ndefu, akaenda akasimama mwisho wa ua karibu na kisima, akaniambia nikae kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Akainama kwenye kamera. Akakaa hivyo. Tangu tujuane hajapata kunitazama kwa muda mrefu vile mbele ya watu wazima, na hakuna aliyemkemea, maana wote walidhani anapima lenzi. Nami nikajiachia nitazamwe.

Nyuma yangu, jikoni, Bi Somoe alikuwa anajisifu. "Hawa wote ni wanangu mimi. Huyo mwanamume, mama yake alipatwa na homa ya uzazi, nikamchukua nikamnyonyesha pamoja na wangu, huku mmoja na huku mmoja. Na huyu binti naye, mama yake alilazwa hapahapa Lindi, yeye kichanga hata kukaa hajui, na mimi nimetoka kuzika mwanangu, maziwa yamejaa mpaka napata homa. Nikampa. Mwezi mzima kalala kifuani kwangu, akaniponya. Sasa niambie, nani mwenye haki ya kuwaoza kama si mimi?"

Kisu kilikuwa kinakata kitunguu, kikaacha. "Bi Somoe," mke wa Mzee Kassimu akasema polepole, "umewanyonyesha wote wawili? Kwa ziwa lako?"

"Ala! Kwani nilikuwa na la kuazima?" Akacheka. Alicheka peke yake.

"Basi hao ni ndugu, dada yangu. Hawaoani."

"Aka, hawakunyonya pamoja! Huyu anazaliwa, yule alikuwa anakimbia na kuku."

"Pamoja si sharti."

Hakuna Mwislamu wa Kivinje asiyejua kwamba walionyonya kwa mwanamke mmoja ni ndugu na hawaoani. Bi Somoe alijua. Ila alijua nusu, na nadhani wengi pale mtaani walikuwa na nusu hiyohiyo: kwamba lazima wawe wamepakatwa pamoja, huku mmoja na huku mmoja. Mama yangu alijua habari ya mwanawe, mama yake Athumani alijua ya wake, na hakuna aliyepata kuziweka hizo habari mbili mahali pamoja, kwa kuwa kunyonyesheana watoto kwetu ni kama kuazimana moto. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, maneno yanaingia kisogoni. Athumani kule kisimani hajasikia kitu. Aliinua mkono mmoja bila kuinua kichwa. "Usitikisike, Zena," akaniambia, "hapohapo, hivyohivyo." Sikutikisika. Akabonyeza. Filamu haikuwamo, ilikuwa kujaribu tu.

Chakula kile kilikwenda kwa mbwa. Tulirudi Kivinje bila lenzi, Bi Somoe kati yetu kwenye lori, kajifunika kanga uso mzima. Kulikuwa na tundu moja tu la kutokea, na Athumani alilipata kwa kuulizauliza: kwa madhehebu yetu, mtoto asipofikisha kunyonya mara tano za kushiba, undugu hausimami. Alikwenda kwa shangazi yake na mimi nikiwepo, nimekaa kwenye gunia la unga wa vitumbua. Akapiga magoti. Sijamwona tena mwanamume akipiga magoti namna ile. "Shangazi, mwalimu wa madrasa atakuuliza mara ngapi. Sema Zena ulimpa mara moja tu, siku moja, ulikuwa unamnyamazisha." Bi Somoe akamshika kichwa. "Mwanangu, niwaoze kwa uongo wangu? Mimi nife na dhambi hiyo, nyie mnazaa?" Mimi nilitaka adanganye. Nilimwomba Mungu kabisa, nimekaa palepale kwenye gunia: Ewe Mola, mtie Bi Somoe uongo mdomoni.

Mwalimu wa madrasa alikuja nyumbani kwa kina Athumani. Wanaume walikaa sebuleni, sisi wanawake nyuma ya pazia. Halua ililetwa na kahawa ikamiminwa, kwa sababu mgeni ni mgeni, na nakumbuka vile vikombe vilivyokuwa vinagongana wakati mambo yangu yanaharibika. Mama yangu aliulizwa, akasema ndiyo, yeye alilazwa, Bi Somoe ndiye aliyenitunza mimi. Mama yake Athumani akasema vivyo hivyo kwa wake. Kisha mwalimu akageuza uso kuelekea pazia. "Bi Somoe, kwa huyu binti, zilifika mara tano?" Bi Somoe alikuwa ameushika mkono wangu, kaukamata kwa nguvu, pete yake inaniumiza. "Mwalimu, mtoto analia, unamhesabia?" Mwalimu akasubiri. Alikuwa mtu mpole, sijawahi kumchukia. "Zilifika, mama?" Bi Somoe akauachia mkono wangu. "Zilipita," akasema.

"Alhamdulillah," mwalimu akasema, "afadhali limejulikana kabla." Na wote wakaitikia alhamdulillah, kabla, kabla, mpaka mama yangu. Nililichukia neno hilo mwaka mzima. Watu walinijia na uso wa furaha, utadhani nimeponea gari. Wenzangu wakaniambia bora umepata kaka, waume wapo wengi.

Nilidhani tutatenganishwa, kwamba nitakatazwa kwenda studio. Hapo ndipo nilipokuwa sijui kitu. Kesho yake mama yake Athumani alinikumbatia mlangoni, mwanamke ambaye hajapata kunigusa isipokuwa kwa shikamoo, akaniita mwanangu. Kigoda chake kilikuwa kimeondolewa ukumbini. "Ingieni wote humo ndani mfanye kazi," akasema, "mnajitesa nini? Nyie ni maharimu sasa, ndugu msiooana, fungeni mlango." Na akaenda zake kupika. Tukaingia. Athumani akafunga mlango. Taa nyekundu inawaka, harufu ya korosho, karatasi inaelea kwenye dawa, uso wa mzee fulani asiyetuhusu unajitokeza taratibu. Tulisimama bega kwa bega juu ya beseni, na nilikuwa na ruhusa ya kumshika mkono, ruhusa yenyewe ile niliyoililia, nimeipata kwa mwalimu na mama zetu wote wawili. Akaniita, "Zena." Nikasema nini. "Basi tu." Kisha akaanza kulia, mdomo kaufunga, pumzi inatokea puani. Sikumshika. Nilichukua koleo, nikamtoa yule mzee kwenye dawa, nikamsuuza.

Lenzi zilikuwa bado zinatungoja Lindi, na kazi ilikuwa inazidi, kwa hiyo tulirudi. Safari hii wawili tu, hakuna haja ya msindikizaji. Kitomanga lori liliposimama alikuja mama mmoja na sinia la mihogo ya kukaanga, akamwambia Athumani, "Mpe mkeo achague." Athumani akajibu upesi mno, "Ni dada yangu." Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia kinywani mwake. Nikachagua muhogo, nikaula wote. Kwa Mzee Kassimu mkewe alinishika akalia, masikini, anadhani yeye ndiye aliyefanya. Mzee akazitandika lenzi upya. Nilimngoja Athumani abishe. Nilitaka ubishi wetu, angalau huo, hakuna sheria iliyokataza ndugu kubishana. Akaiacha ndefu ilipo, hakuigusa hata kwa kidole. "Pana," akasema. Nikamwambia wewe ulikuwa unataka ndefu. "Kazi iko vyumbani," akasema. Tukaifunga kwenye kanga, tukaaga.

Mama yake Athumani hakutaka mwanawe akae vile na uso ule. Mfungo ulipokwisha, kwa tarehe zilezile zilizokuwa zetu, akamwoza Mwanahamisi, binti wa Kitomanga, mtulivu, mwenye macho makubwa. Na nani anayempelekea bibi harusi begi la nguo kutoka kwa bwana harusi? Dada. Nililibeba, wanawake wanapiga vigelegele nyuma yangu, na mimi naitikia, tena kwa sauti kubwa kuliko wote, maana watu walikuwa wananitazama. Kisha nikaweka begi chini, nikavaa kamera, nikafanya kazi. Lenzi ile ilikuwa nzuri sana, sina la kusema. Chumba kizima kiliingia, na Mwanahamisi kitandani, na hina ya miguu yake yote, kila ua. Mwanamke mmoja wa pembeni alikuja baadaye kunigombeza, "Umeninenepesha!" Picha hiyo ipo mpaka leo ukutani, na kila mgeni anasema kazi nzuri. Bi Somoe hakuja harusini, alisema miguu inamuuma. Nilimkasirikia, nikaacha, nikamkasirikia tena. Hakucheka tena vile, na mimi nilikuwa nikipita kwake asubuhi anipe kitumbua, ananitazama nikila, anageuka. Mwisho wa mwaka nilihamia Lindi. Huko niliolewa na mtu mwema, na alipofariki nilimkalia eda yake yote sawasawa, nikamlilia kwa haki. Ile lenzi ndefu Athumani aliifuata mwenyewe baadaye, baada ya Mzee Kassimu kufa. Sijui aliipigia nini. Sikuwahi kuona picha yake hata moja.

Basi nilirudisha kata mtungini, nikarudi chumbani, nikamwambia Rehema abebe pana na ile ya kawaida, ndizo za kazi. Akanishukuru, akaenda kufunga mizigo. Na mimi nikafunga wangu, maana matanga yamekwisha, wageni wanaondoka, na dini imempa dada siku tatu za kumlilia kaka yake, haikumpa zaidi. Nikaingia kumuaga Mwanahamisi. Yuko chumba cha ndani, amejifunga kanga nyeupe, kaanza eda yake. Alinitazama na mzigo wangu mkononi.

"Unakwenda, wifi?"

"Siku zangu zimekwisha."

"Mimi nimepewa miezi minne na siku kumi," akasema. "Wewe wamekupa tatu."

Nikamwambia ndiyo haki ya dada. Nilijaribu kulisema kikawaida. Akaivutavuta ncha ya kanga. "Aliniambia, wifi. Kabla ya nikah. Alikuja na mjomba wake kwetu, akaomba aseme na mimi, akaniambia yote, akasema ukikataa sitakulaumu. Nikakubali. Miaka yote sikukuuliza, kwa maana ungenijibu nini?"

Nikakaa kitandani kwake na mzigo wangu mapajani. Nikamwuliza kama aliwahi kunichukia. "Kwa kosa gani?" akasema. Kisha akasogea upande wa ukutani, akapapasa godoro pale alipopaacha wazi.

"Fungua mzigo wako. Kaa humu na mimi mpaka nitoke. Wakiuliza, nitawaambia mjane hana wa kumpikia."

Nikamwambia mimi sijui kupika, na yeye analijua hilo vizuri.

"Basi nitapika mimi," akasema. "Wewe lia."